Siku Ambayo Mama Perisi Hakuwa Nayo

Mmeniomba niandike, nami nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, nimestaafu, na mke wangu amechoka kuniona nikizunguka uani nikiwakemea kuku. Ya pili, kuna swali moja ambalo ninyi wachungaji vijana mtaulizwa mpaka siku mtakapovua kola, na chuoni hawakuwafundisha namna ya kulibeba. Sisemi kwamba jibu lake ninalo. Nasema tu kwamba nimeulizwa mara nyingi kuliko ninyi. Habari za vyeo nitaziacha, na za mshahara pia, maana katika kazi yetu mtu akianza kusimulia mshahara ataishia kulia au kucheka, na wenzake wana shughuli.

Swali lenyewe ni hili: "Mchungaji, nitajuaje kama kweli nimeokoka?"

Nilikutana nalo kabla sijapewa kola. Nilikuwa mwinjilisti tu, kijana mwenye sauti kubwa na suruali moja ya heshima, nikapangiwa mtaa mdogo mbele ya Haneti. Kanisa lilikuwa la udongo, paa la udongo, na mvua ikinyesha tulihamia upande usiovuja. Mchungaji wa parishi alikuwa Mzee Asheri, mtu mfupi mwenye kikohozi kisichoisha, mzaliwa wa Kibakwe kule milimani. Alikuwa akiendesha baiskeli polepole mno, mbuzi walikuwa wanampita.

Siku yangu ya kwanza kazini alinichukua kwenda kumwona mgonjwa. Nikafika mlangoni, nikasema Bwana asifiwe, nikafungua Biblia hapohapo nikaanza kusoma kwa sauti ya mkutano. Mzee Asheri alinitazama, akaendelea kunitazama, mpaka nikanyamaza mwenyewe. Tukaletewa vigoda, tukakaa. Ukaja uji wa uwele, tukanywa. Zikaulizwa habari za mvua, za ng'ombe, za binti aliyeolewa mbali. Mimi natapatapa pale kama kuku mwenye yai. Mwisho mgonjwa mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi niombeeni," na Mzee Asheri akaomba maneno machache sana.

Njiani akaniambia, "Kijana, daktari hupima kwanza. Wewe umeingia na sindano mkononi."

Sikumpenda siku ile. Lakini ndiye aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Zana zake zilikuwa baiskeli, kikombe kidogo cha kupelekea wagonjwa Meza ya Bwana, na kukaa kwenye kigoda bila haraka. Alinifundisha pia kwamba mtu akikuuliza habari za wokovu wake, usikimbilie kumjibu. "Mara ya kwanza anauliza kwa adabu," alisema. "Mara ya pili anakupima kama wewe ni mtu wa kupayuka. Subiri aulize tena." Wengine wenu mnajibu kwa ujumbe wa simu kabla mtu hajamaliza kuandika. Haya.

Sasa niwaeleze habari za ushirika, maana wengine mmekuja Dodoma kutoka mbali na huenda kwenu mambo ni tofauti. Pale mtaani palikuwa na kundi la ndugu waliookoka, lililokutana Alhamisi alasiri kanisani. Walikuwa watu wa kweli. Walilima mashamba ya wajane, walikaa na wagonjwa, na walipokosana waliitana na kuombana radhi mbele ya wote. Desturi yao ilikuwa kwamba kila mmoja anasimama, anasalimia "Bwana asifiwe," anaitikiwa, kisha anataja siku aliyookoka. Siku hasa. Wengine walitaja mpaka upepo ulikovumia. Palikuwa na mzee aliyeokoka akiwa kilabuni na kata ya pombe mdomoni, na huyo tulikuwa tukimrudisha kusimulia kila mara, kwa sababu ushuhuda wa mlevi ni mtamu. Una alikotoka na una alikofika.

Na palikuwa na Mama Perisi.

Mama Perisi alikuwa binti wa mwalimu wa kanisa upande wa Buigiri. Alibatizwa akiwa mgongoni kwa mama yake, na alijua kusali kabla hajajua kusonga ugali. Kwetu alikuja kwa kuolewa na Ndahani, mfugaji, mtu mrefu mkimya ambaye hakuwa amebatizwa wala hakuonyesha dalili ya kutaka. Mama Perisi ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo. Alikuwa na sauti, jamani! Alikuwa akianza wimbo akiwa amekaa, macho chini, na kanisa zima linasimama bila kuambiwa. Katika ushirika, zamu yake ya kushuhudia ikifika, alikuwa anaanzisha wimbo. Tukaimba wote, tukafurahi, zamu ikapita kwa mwingine. Kwa muda mrefu nilidhani ni unyenyekevu.

Kiongozi wa ushirika wakati ule alikuwa Mama Loyi, mwanamke mwenye moyo mkubwa na ulimi usio na kona. Alhamisi moja, wimbo ulipokwisha, akasema, "Mama Perisi, nyimbo tumezisikia, Bwana asifiwe. Sasa tuambie siku yako."

Mama Perisi akainua macho. Akasema, "Sina siku."

"Kila aliyeokoka ana siku."

"Mimi nilikuwepo tu," akasema. "Tangu nilipopata akili nilikuwepo."

"Hapana, mama. Kuwepo kanisani si kuokoka. Hata popo wapo kanisani."

Watu wakacheka, na Mama Loyi mwenyewe akacheka, kwa sababu ulikuwa ni utani na popo walikuwepo kweli, tena wengi. Mama Perisi naye akatabasamu. Lakini nilikuwa nimekaa mkabala naye, nikauona uso wake. Neno lile lilimwingia, halikutoka tena.

Tangu hapo alianza kuitafuta siku yake. Kiangazi, mavuno yakishaingia, ndio wakati wa mikutano ya injili kule kwetu. Wahubiri wanakuja na jenereta na spika, vumbi linatimka, watu wanatoka vijiji vya mbali. Mhubiri akiwaita wanaotaka kukata shauri wapite mbele, Mama Perisi anapita. Mwaka huu, mwaka ujao, kwa mhubiri huyu na kwa yule. Anaongozwa sala ya toba, anaandikwa jina, mhubiri anarudi kwao akishukuru kwa nafsi zilizopatikana. Nilikuwa nikijisemea kwamba mama huyu ameandikwa mbinguni mara nyingi kama mkulima anayejiandikishia pembejeo kila dirisha linapofunguliwa. Leo silisemi hilo nikicheka.

Kwa maana akitoka pale alikuwa na amani siku chache tu. Kisha anakuja. "Mchungaji" (wakati huo nilikuwa nimeshapewa kola, na Mzee Asheri ameshastaafu na kurudi Kibakwe) "Mchungaji, nadhani safari hii sikumaanisha. Niliposema naamini, nilikuwa nawaza kama kweli naamini. Sasa hapo mtu ameamini au amewaza?"

Mara ya kwanza nikamwambia tuombe. Mara ya pili nikamwonyesha mahali katika Maandiko, akanisomea yeye mwenyewe kwa moyo bila kuangalia, maana aliyajua kuliko mimi. Mara ya tatu aliuliza tukiwa nyumbani kwake asubuhi, yeye akikamua. Aliuliza bila kuinua kichwa, mikono inaendelea na kazi. Nikajua sasa anauliza.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na mfano niliouhubiri hata kwenye semina, watu wakanipigia makofi. Nikamwambia, "Mama Perisi, tazama zizi hili. Ng'ombe aliyenunuliwa mnadani ana siku yake ya kununuliwa, kila mtu anaikumbuka. Lakini ndama aliyezaliwa humu humu, nani anamuuliza siku aliyoingia? Hana siku, na ni wa hapa. Wewe ni ndama uliyezaliwa zizini."

Akaacha kukamua. Uso ukamchangamka, nami nikajisifu moyoni. Kisha akafikiri. Kama mngemjua Mama Perisi mngejua kwamba hapo ndipo hatari ilipo.

"Mchungaji," akasema, "ndama wa jirani naye huingia na wako jioni. Analala humu, anakula humu, na wewe unamwona ni wako. Asubuhi mwenyewe anakuja, anamtazama alama ya sikioni, anamchukua."

Nilikunywa maziwa niliyopewa, nikashukuru, nikaondoka.

Ndahani alikuwa amekaa pale kwenye mlango wa zizi, anachonga mpini wa jembe. Kila nilipokwenda alikuwa pale. Nikimsalimia "Mbukwenyi" kwa Kigogo chake, anaitikia vizuri kabisa, ananiuliza habari za mke wangu na watoto. Nikimgusia mambo ya kanisa, anatikisa kichwa. "Hayo ya mama," anasema. "Mimi ya ng'ombe." Nilimgusia miaka na miaka, na jibu halikuwahi kubadilika hata neno.

Habari ya ndama ilinikera mpaka nikasafiri kwenda Kibakwe kumwona Mzee Asheri. Nilimkuta amekaa barazani, amejifunika blanketi mchana kweupe, maana kule milimani kuna baridi na yeye alikuwa amebaki mifupa na kikohozi. Nilipomweleza alicheka mpaka mkewe akatoka nje kuangalia kama anakufa.

"Amekushinda," akasema.

"Najua amenishinda, mzee. Nifanyeje?"

"Acha mifano. Huyo hakosi mifano, amekosa nguvu." Akapumua kwanza. "Wale wanne waliompandisha mwenzao aliyepooza darini wakamteremsha mbele ya Bwana, ulishasikia popote yule aliyelala mkekani akiulizwa kama anaamini? Mambo yote yalifanywa na waliombeba. Mgonjwa imani ikimwishia usimkaripie. Mbebe kwa ya kwako. Na ya kwako ikiisha, usione haya kubebwa."

Hatukuonana tena baada ya hapo. Alizikwa kule kwao, na baiskeli yake nikaona inaendeshwa na mjukuu wake, kwa kasi ambayo ingemshtua marehemu.

Kisha nikahamishiwa mjini. Ninyi mmeukuta mji una maghorofa na misafara ya magari. Mimi niliukuta punda wa maji wanapita katikati ya barabara. Serikali ilipohamia kweli, wakaja watu wa ofisini na wa Bunge, wakaja wanafunzi wa vyuo kutoka kila mkoa, na nikafikiri swali langu la Haneti nimeliacha Haneti. Wapi! Lilikuja na viatu vinavyong'aa. Binti mmoja wa chuo alikuja ofisini kwangu akaniambia, "Pastor, niko serious, sijui kama niko saved. Kila nikikosea narudia ile sala, mpaka nimechoka." Nikamwekea kiti, nikamwagizia chai. Alikuja muhula mzima. Sikumpa mfano wa ndama. Siku moja akaniambia kwamba anakuja kwa sababu hapa kuna mtu anayeonekana hana wasiwasi naye. Nilishukuru Mungu kwa ajili yake, na usiku ule nilimkumbuka Mama Perisi.

Miaka yangu ya mwisho kazini ndipo walipomleta. Alikuwa na ugonjwa wa kizazi, na alikuwa amevumilia kule kijijini mpaka ukawa umeenea. Madaktari hospitalini walimtazama, wakamwita Ndahani pembeni, wakampa dawa za maumivu wakamwambia mama akapumzike nyumbani. Ndahani alitoka pale akaja kwangu, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alisema, "Wanasema tukampumzishe." Nilimshika mkono tukakaa hivyo, wazee wawili, na hakuna aliyemgusia mwenzake habari za kanisa.

Nikaanza kwenda Haneti kila nilipopata nafasi. Mke wangu alinifungia maandazi na kunionya kuhusu mgongo wangu. Mama Perisi alikuwa amelazwa kwenye chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa karibu na mlango ili aone zizi. Sauti ilikuwa imekwisha. Ile sauti iliyokuwa inasimamisha kanisa ilikuwa imebaki mnong'ono, na hilo liliniuma kuliko kukonda kwake. Mama Loyi, ambaye sasa alikuwa bibi mwenye mkongojo, ndiye aliyekuwa anakuja kila siku kumwogesha na kumgeuza. Alimwogesha kama mama anavyoogesha mtoto mchanga, anaongea naye, anamtania. Sidhani kama alikumbuka neno alilolisema siku ile ya popo. Aliyeambiwa ndiye aliyelikumbuka.

Siku moja Mama Loyi alipotoka kwenda kumwaga maji, Mama Perisi akaniambia kwa mnong'ono, "Mchungaji, naogopa."

Nikasogeza kigoda.

"Nikifika nitaulizwa siku."

"Nani atakuuliza?"

"Mama Loyi akitangulia, atakuwa amesimama mlangoni." Akacheka, kicheko kikamuumiza, akashika tumbo. Machozi yakamtoka, na sikujua ni ya kicheko au ya maumivu au ya hofu yenyewe. "Sitanii, Mchungaji. Nimeimba maisha yangu yote. Kama nilikuwa naimba tu?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na kazi ya miaka mingi kichwani, nimefundisha semina, nimeandaa wachungaji. Sikuyatoa. Nilimwambia, "Mama, na mimi nipo."

Akanitazama sana. "Wewe mwenyewe unajua? Kwamba wewe umeokoka, unajua?"

Vijana, hilo ndilo swali lililokuwa nyuma ya lile swali lote. Ningeweza kumjibu kama mhubiri. Nikamjibu kama mtu. "Siku nyingi najua. Kuna siku naamka sijui, naenda kazini hivyohivyo."

"Leo je?"

"Leo najua."

Akafumba macho. "Basi leo amini na ya kwangu. Mimi nimechoka."

Nikatoa kikombe kidogo, kile kile cha Mzee Asheri alichoniachia. Mama Loyi akarudi akapiga magoti kwa shida, nikamsaidia. Mama Perisi hakuweza kumeza, nikachovya kidole kwenye divai nikamgusisha midomo. Ndahani alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama alivyokuwa amesimama maisha yake yote. Nilimwita kwa mkono aingie. Akatikisa kichwa.

Watu wananiuliza kama alikufa na amani. Ningependa sana kuwaambia ndiyo, na wapo wachungaji wangewaambia ndiyo, kwa sababu familia hupenda kusikia hivyo. Nilikuwepo. Alikufa alasiri, amenishika kidole, uso umekunjamana, na kabla hajapoteza fahamu sala yake ilikuwa ileile niliyoisikia kwake tangu ujana wangu. Ilikuwa sala fupi. "Na mimi, Bwana," alikuwa akisema. "Na mimi." Sikuona uso ukiangaza. Niliuona umechoka, kisha nikauona umepumzika kama uso wa mtu yeyote aliyekufa unavyopumzika. Nililia mbele ya wanawe bila aibu.

Mnajua wenyewe desturi zetu za msibani: lazima usomwe wasifu wa marehemu. Alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, alifunga ndoa, na kwa watu wa ushirika kuna mstari wa siku aliyookoka. Mwanawe mkubwa alikuwa ameshika kalamu, amekaa kwenye jamvi, wanawake wa ushirika wamemzunguka. Akafika kwenye mstari ule akauliza, "Hapa tuandikeje?"

Kila mtu akamtazama Mama Loyi. Nikaona kwamba bado inawezekana kumwacha mama huyu nje hata akiwa amekufa.

Mama Loyi alikuwa ameegemea mkongojo. "Andika alikuwepo," akasema. "Mwaka wa njaa alikuwepo. Nilipofiwa na mume wangu alikuwepo. Kila Alhamisi alikuwepo. Andika hivyo, mwanangu, usitafute kingine." Akajifunika uso kwa khanga.

Ikaandikwa hivyo na ikasomwa hivyo kaburini. Tulipotaka kuimba, hapakuwa na wa kuanzisha. Kila aliyejaribu alianza juu mno, tukakwama katikati, tukaanza tena. Ndahani alikuwa amesimama nyuma ya wanaume, midomo yake inatembea. Nilidhani analia.

Ubatizo wangu wa mwisho kabla ya kustaafu ulikuwa wa mzee mmoja, na hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Matanga yalikuwa yameanuliwa zamani, mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, ndipo Ndahani akaja mjini kwangu. Alikuwa amevaa koti. Alikaa, tukasalimiana, mke wangu akaleta chai. Akauliza habari za watoto wangu mmoja mmoja. Nikauliza habari za ng'ombe. Sikuwa na haraka. Kigoda nilikuwa nimekwisha kukizoea. Alipomaliza chai akaweka kikombe chini akasema, "Nimekuja kutaka maji."

Nikafikiri ana kiu. Kisha nikaelewa.

"Unataka kubatizwa, mzee?"

"Ndiyo."

Na mimi, niliyekaa miaka yote hiyo nikiwakataza watu kuulizana siku, nikajikuta nauliza, "Umeamini lini?"

Akatazama mikono yake. "Siku siijui," akasema. "Yule mama alikuwa anatoka alfajiri kabla ya kukamua. Anasimama karibu na zizi, anasema maneno yake. 'Na mimi, Bwana, na mimi.' Kila siku ya Mungu. Mwanzoni nilikuwa naudhika, maana ng'ombe wanasubiri. Baadaye nikaona siwezi kufungua zizi kabla hajamaliza. Nikajiambia, mtu hawezi kumlilia hivi asiyekuwepo. Angekuwa amekwisha kuchoka. Basi na mimi nikawa nasimama upande wa pili wa zizi, nasema kama yeye. Kimoyomoyo."

"Ni zamani hizo?"

"Mwanetu wa mwisho alikuwa hajaota meno."

Mwanawe wa mwisho ndiye aliyemleta mjini siku ile, na alikuwa na mvi za kwanza kidevuni. Nilikaa pale nikipiga hesabu za alfajiri, na nikaacha, kwa sababu zilikuwa nyingi mno. Huku mke anatetemeka kwamba labda yeye si wa Bwana, na upande wa pili wa zizi mume anaamini kwa ajili yake. Katikati yao ni ng'ombe tu.

"Mzee," nikamwambia, "kwa nini kila siku uliniambia hayo ni ya mama?"

"Yalikuwa ya mama," akasema. "Mimi niliyapata kwake."

"Yeye ulimwambia?"

"Kumwambia nini?"

"Kwamba unasali naye. Kwamba umeamini kwa kumsikia yeye."

Aliokota kofia yake sakafuni, akaiweka gotini, akaigeuza, akaigeuza tena. Nje mwanawe alikuwa anacheka na mke wangu habari za kuku. Ndahani akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Nilidhani anajua," akasema.